Fose ya Mita Sita

Bakubwa wa mji wetu waliacha bomba za mavi zife. Tangu mwaka wa tisini na mbili, bomba ya kartie, mtaa wetu, ikiziba hakuna anayekuja. Uchafu unatoka na kupita mbele ya nyumba kama muntu mwenye haki. Rosalie, mke wangu, aliugua tumbo juu ya uchafu huo, siku tatu tu, akaenda. Lakini karatasi za kukataza, hizo hazikosi kamwe. Kila parseli yenye nyumba ichimbe fose yake, shimo la choo, na fose isiyo na ruhusa ya ofisi ya komini itafungwa.

Mimi ningewaacha na karatasi zao. Lakini binti yetu Reine aliolewa Kapolowe, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa nane. Kwetu mutoto wa kwanza anazaliwa kwa wazazi wa mke. Reine akanitumia neno: "Papa, sitalaza mutoto mahali mama alipougua. Chimba fose, wapime, upate karatasi. Bila karatasi nitazalia kwa mama mkwe."

Basi nikachimba. Nilifanya miaka ishirini na mbili chini ya udongo, na muntu wa mine, wa machimbo, akishika piki yake ya kuchimbia haulizi mita ngapi, anashuka. Nikaweka mbao pembeni, nikafunga kamba na ndoo. Jirani yangu Kabedi, mjane kama mimi, alikuwa juu akivuta udongo.

— Mathieu, ukifika kwa shetani umusalimie.

— Nitamukuta anakula na bakubwa wetu.

Siku ya tisa miguu yangu ikalowa.

Kesho yake akaja Damas, mtu wa usafi wa komini, na kamba yake ya kupimia, viatu vimeshonwa kwa waya. Akachungulia shimo.

— Papa Mathieu, weye unachimba fose ao unatafuta shaba?

— Andika tu karatasi.

— Siandiki. Fose ni mita mbili na nusu. Weye umefika sita, umegonga mayi. Mavi yako yatatembea na hayo mayi mpaka kwa visima vya watu wa chini, kule bondeni.

Hapo nikamwaga yote. Kwamba wameula mji mpaka mifupa, kwamba Rosalie walimuua wao, na sasa wanamtuma yeye kunihesabia mita. Alingoja nimalize.

— Minye sijalipwa miezi kumi na moja, papa. Nakuja kwa ajili ya hao watu wa chini. Kule nako kuko wake za watu.

Nikakaa juu ya udongo wangu. Ugonjwa uliomchukua mke wangu, mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuutuma kwa wengine, na kwa jasho langu.

Kabedi ndiye aliyeshusha ndoo. Akaivuta, akaangalia mayi.

— Damas, na kama hii shimo si fose, ni kisima? Robine zetu za mayi ziko kavu tangu Pasaka.

Damas akafunga kamba kwenye ubao wa shimo, akatembea nayo mpaka karibu na barabara, ambako ardhi inashuka. Mita kumi na nane. Akarudia kupima.

— Sheria inataka kumi na tano. Kisima hapa, fose kule. Lakini papa, usishuke sana. Nitakutilia fundo kwa kamba, mita mbili na nusu. Ukifika kwa fundo, toka.

Nikachimba fose kule, nikatoka kwenye fundo. Kabedi na mimi tukajenga matofali, tukafunika. Damas akarudi, akaandika juu ya goti, akapiga muhuri. Nilingoja aombe kitu. Akaomba kujaza bido yake mayi.

Nikapanda baiskeli mpaka Kapolowe. Reine akasoma karatasi polepole, mama mkwe akitazama.

— Papa, nani alipima?

— Muntu wa komini.

Reine akaniangalia sana, hakuwa amenisikia hata siku moja nikitaja muntu wa komini bila tusi.

— Alipima mara mbili, nikasema.

Reine akainuka, mkono kiunoni, akaanza kukunja nguo za mutoto.