Ngazi ya Tatu

Huko milimani juu ya mji wa Nkubu mwanamke hupimwa kwa ufagio wake. Uwanja usio na jani hata moja, mwekundu, uliochorwa mistari ya ufagio kabla jua halijachomoza, ndio huwafanya watu waseme nyumba ile ina mke. Cicily alikuwa amefagia hivyo miaka thelathini na mitano, na hakuna aliyemfikia. Sasa fikiria uchungu wake, Machi ile, mke wa mwanawe, Karambu, alipouchimba uwanja huohuo na kupanda vichaka.

Vilikuwa vichaka vifupi vya kutambaa, kijani mwaka mzima, vyenye maua ya zambarau. Karambu alipanda vipandikizi mteremko mzima kuanzia mlangoni, akaacha njia ya mawe tu. Cicily alinuna wiki nzima, kisha akatoa amri. Mwisho wa mwaka wakwe wa Mukiri, bintiye wa mwisho, wangekuja, naye hakutaka waone nyumba ya mke mvivu. Vichaka ving'olewe.

Karambu hakubishana. Alimpeleka mlangoni.

"Mama, ulipoolewa hapa, ngazi zilikuwa ngapi?"

"Moja."

Sasa zilikuwa tatu. Mumewe Cicily aliongeza ya pili, mwanawe Koome akaongeza ya tatu, na hakuna aliyejiuliza kama ni nyumba inayopanda au ni uwanja unaoshuka. Cicily aliutazama ufagio wake kwa muda mrefu. Karambu aliomba apewe mvua mbili tu, ya masika na ya vuli. Akishindwa, angeving'oa kwa mikono yake.

Mvua zilikuja kwa fujo, hasa ile ya Oktoba. Kwa majirani maji yalishuka mekundu hadi mtoni. Kwa Karambu, udongo ulioteremka kutoka shamba la juu ulinasa vichakani ukakaa. Kila asubuhi alisimama mlangoni akiwa amejaa fahari, ila hakumwambia mtu.

Siku ya wakwe, mzee Kathuri, baba wa bwana harusi, alipanda njia ya mawe viatu vikiwa safi, akauliza maua yale ni kazi ya nani. Karambu, birika mkononi, aliinamisha macho.

Cicily aliinuka, akafukua udongo chini ya ngazi ya pili kwa mpini wa ufagio mpaka saruji ya ngazi ya tatu ikaonekana.

"Ngazi hii niliileta mwenyewe kwa ufagio wangu, miaka thelathini na mitano," akasema. "Mke wa Koome ameizika kwa mvua mbili."

Karambu alimimina chai ya mzee Kathuri mpaka ikafurika kwenye kisahani.