Birika Lisilooshwa

Shangazi alistaafu kazi ya kutakasa vyombo vya upasuaji, lakini mikono yake haikustaafu. Nyumba nzima ilinukia klorini. Kwa hiyo mpwa wake alipoleta pakiti tatu za unga akasema ndani mna bakteria, Shangazi almanusura aangushe kikombe.

"Bakteria? Humu ndani mwangu?"

"Hawa ni wazuri, Shangazi. Wanakaa kwenye mizizi, wanausaidia mche kula."

"Uzuri gani huo wa kujificha?"

Mpwa akacheka kidogo tu. Mwenye shamba alilokodi alishatamka: nyanya zikidumaa tena msimu huu, anakichukua kiwanja chake.

Siku ya kumwagilia ule unga uliokorogwa, Shangazi alidamka akaisugua ndoo, akabakiza klorini kidogo chini kama alivyozoea. Hakumwambia mtu. Usafi nao unatangazwa? Pakiti ya pili, vilevile.

Wiki tatu baadaye miche ilikuwa imenyong'onyea, majani ya manjano, isipokuwa mstari mmoja kando ya ukuta, kijani kibichi utadhani umepakwa rangi. Mpwa alishakata tamaa, hata hakuutazama. Lakini Shangazi mstari ule ulimnyima raha. Kwa nini huu tu? Kivuli? Mstari wa jirani nao una kivuli. Akang'oa mche huku na mwingine kule, akailaza kwenye sinia kama alivyokuwa akipanga mikasi. Mmoja ulikuwa na vijizizi vitatu vinne. Wa ukutani ulikuwa na ndevu tele.

"Huu mstari uliumwagilia kwa chombo gani?"

"Kwa birika. Ndoo haikutosha, nikakoroga unga uliobaki na maji ya mvua."

Birika hilo yeye hakuwa ameliosha. Shangazi, asiyekalia hata kiti bila kukifuta, akaketi palepale udongoni. Aibu ilimchoma.

"Mwanangu, nimekuulia wadudu wako. Niliiosha ndoo kwa klorini. Mara zote mbili."

Mpwa aliigeukia miche ya manjano. Machozi yalimlengalenga.

"Imebaki pakiti moja, Shangazi. Moja tu."

"Na miche bado michanga. Lete birika."

Alipolipokea, miguu ikampeleka yenyewe bombani. Akasita, akarudi. Akavua glavu, akamimina maji ya mvua na unga, akachota kidogo kiganjani, akainama kuyachungulia kwa muda mrefu, asione kitu.

"Karibuni," akayaambia maji. "Na mnisamehe."