Rauta ya Dirishani

Taa za rauta ziliwaka zote, simu ikaonyesha waifai imejaa, lakini mtandao hakuna. Zaitun aliikodolea macho pale dirishani chumbani kwake, kisha akageuka kuelekea upande wa mpangaji wake. Mwizi alikuwa huko. Hakuhitaji kupiga ramli.

Na siku aliyoichagua! Alasiri hii mwanawe Raudha angepiga simu ya video kutoka Muscat amwonyeshe mjukuu wa kwanza, ambaye Zaitun alikuwa hajamtia machoni. Kesho mkwe angewapeleka mama na mtoto kijijini kwa wazazi wake, na huko mtandao ni wa kubahatisha.

Mpangaji, Scola, alikuwa binti kutoka kijiji cha Msangano aliyeuza mchele sokoni. Rauta hiyo aliiwasha yeye siku ya kwanza, na kifurushi walichangia. Lakini mwezi huu kifurushi kiliisha upesi, na usiku Scola alisikika akicheka chumbani. Anacheka na nani? Ndipo Zaitun alipoitoa rauta kimyakimya kwenye rafu ya sebuleni, iliyopakana na chumba cha Scola, akaiweka dirishani kwake, mbali, ili mdokozi aambulie makombo.

"Scola! Mtandao umeupeleka wapi?"

Scola akatoka, mikono imejaa pumba za mchele. "Hata kwangu haupo, Mama Raudha. Umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima mpaka nimechoka."

"Kifurushi je?"

"Kipo." Hapo Zaitun alisita. Kama kipo, mwizi kaiba nini? Lakini shaka ikishapanga nyumba haihami kwa hoja moja.

"Basi labda imehamishwa?"

"Sijaigusa," Zaitun akajibu kwa macho makavu.

"Niingie niitazame."

Zaitun akaziba mlango kwa mwili wake, na mwili anao. "Uingie umalizie ulichobakiza? Umeufunga mtandao wangu, halafu unacheka usiku kucha kwa jasho langu!"

"Nacheka na mama yangu. Ipyana mdogo wangu humshikia simu, maana mama anataka kuniona kwa video." Scola akajifuta pumba. "Lakini nyumba ni yako, Mama Raudha. Nakupisha."

Akaenda kufunga godoro lake. Zaitun akajiambia ameshinda, ila ushindi wenyewe haukumkaa vizuri, na alasiri ilikuwa inaingia. Akachomoa laini kwenye rauta, akaitia kwenye simu yake ya zamani palepale dirishani. Ujumbe ukaingia: Karibu Zambia.

Akaketi kitandani. Mkazi gani wa Tunduma, mji wa mpakani, asiyelijua hili? Ukisogea upande wa mpaka, laini hudaka mnara wa Zambia, na intaneti hukatika mpaka uiruhusu laini ifanye kazi nje ya nchi. Yeye mwenyewe huwacheka wageni sokoni, akiwaambia wageuke waelekee Mbeya. Na dirisha lake lilitazama Zambia. Aliyeitorosha rauta nje ya nchi ni yeye.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Akarudisha laini kwenye rauta, na rauta kwenye rafu ya sebuleni. Taa ikabadilika rangi. Punde simu ikaanza kuita: Raudha! Kwenye kioo alionekana mtoto ndani ya shuka jeupe, anapiga miayo. Zaitun machozi yakamtoka.

"Mama, unamwona? Mwite na dada Scola amwone."

Nje bajaji ilikuwa inanguruma. Dereva alikuwa akipakia godoro.

Zaitun akatoka mbio, simu mkononi, kanga ikimvuka. "Scola! Subiri, mwanangu!" Alipofika getini picha ya mjukuu iliganda, mdomo wazi, kisha ikapotea. Alijua akirudi hatua chache ingepatikana tena. Hakurudi. Alilishika godoro kwa mikono miwili akalivuta chini.

"Nilikudanganya," akasema, akihema mbele ya dereva na majirani. "Niliihamisha mimi."