Mguno wa Jikoni

Mguno wa kwanza ulisikika mama mkwe akiwa hata hajamaliza kutoa nguo zake sandukuni. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kiunoni, akieleza kwamba vitunguu hukatwa vyembamba na watu waliolelewa wakaleleka. Msusi, mwenye jiko lake, alikuwa amempa mgongo, anakata vitunguu vinene kama alivyozoea. Hakujibu. Kutwa nzima kule chumba cha mbele, anakosuka vichwa vya watu, mdomo wake haulali. Lakini kwa mama mkwe alikuwa amejiapiza kuwa bubu mwenye adabu. Na hapo hapo, katikati ya ukimya wake mzuri, ikasikika:

"Mm-mmh."

Mguno mzito, wa kooni, wenye dharau iliyoiva.

"Unanigunia?" mama mkwe akauliza.

"Mimi? Hapana, mama."

"Basi nani? Kitunguu?"

Msusi akatazama huku na huku. Jikoni walikuwa wawili tu, wengine masufuria. Akaanza kujishuku mwenyewe.

Tangu hapo mguno ukawa mkazi wa nyumba. Mama mkwe akisema mapazia yana rangi ya kilio, "mm-mmh." Akisema mwanawe aliondoka kwake na mashavu, sasa kabaki na mifupa ya taya, "mm-mmh." Haukuguna kila mara, ungeguna kila mara ungezoeleka. Ulichagua maneno. Na kila ulipochagua, msusi alikuwa karibu, amenyamaza, ana sura ya mtu aliyetoka kuguna.

Alipomlilia mumewe, hakupata bega. Mumewe alikuwa seremala, mjini wakimwita Msumari, kwa sababu wazo likishaingia kichwani mwake kulitoa ni mpaka uvunje ubao.

"Pengine unaguna bila kujua," Msumari akasema. "Mbona wanaokoroma hawajui?"

"Mimi ninakoroma?"

"Sijasema unakoroma. Nimesema wapo."

Usiku huo Msumari aligeuziwa mgongo.

Kilichomuuma msusi ni kwamba wazo la kumleta mama lilikuwa lake yeye. Baba mkwe alipofariki, mama mkwe alibaki peke yake na redio. Wana walipokuwa wanatazamana, kila mmoja akimsubiri mwenzake, msusi ndiye aliyesema, "Aje kwetu." Yeye mama yake mzazi alimzika akiwa binti mdogo. Alitaka nyumba yenye mtu wa kumwita mama, hata awe mama wa ulimi mkali. Sasa mtu huyo alikuwa amekwisha kurudisha nguo sandukuni.

"Mwanangu mkubwa anakuja na gari mchana huu," mama mkwe akatangaza asubuhi ya Jumamosi. "Na ukoo mzima utajua. Ningetukanwa ningevumilia, tusi lina maneno, unaweza kulijibu. Lakini kugunwa! Nitajibu nini? Nigune na mimi, tufanane na ng'ombe?"

Msusi akarudi jikoni kuficha machozi. Akafungua bomba, akanawa uso, akafunga. Chooni Msumari akavuta maji. Na chini ya pua ya msusi, kutoka tundu la sinki, likatoka povu moja nene, likapasuka.

"Mm-mmh."

Akaruka nyuma. Akasogea tena. Maji yaliyotuama kwenye kona ya bomba la sinki yalikuwa yanacheza.

"Mama! Mama, njoo! Ni sinki!"

Mama mkwe akaja, akainama, akasubiri. Sinki likanyamaza kama shahidi aliyehongwa.

"Sasa unasingizia vyombo," akasema kwa huzuni.

"Basi nitakuonyesha," msusi akasema. Damu ilikuwa imemchemka. Akajaza kikombe maji, akayapakia yote mdomoni mpaka mashavu yakavimba kama ya mpiga tarumbeta. Mwenye maji mdomoni haguni. Kwa mikono akamwonyesha mama mkwe kiti, kwa mikono akamfukuzia mumewe chooni, na kwa mikono akafanya ishara ya kuvuta maji.

"Niseme nini?" mama mkwe akauliza.

Msusi akamfungulia viganja: lolote.

Hapo mama mkwe akapata sikukuu yake. "Chai yako ina rangi ya maji ya kuoshea brashi," akaanza. Msusi akafumba macho. "Shuka unazianika kama unatega samaki." Mashavu yakatetemeka. Kule chooni kimya. "Na vichwa vya watu unasuka vizuri, chako mwenyewe umekiachia ndege."

"Vuta basi!" mama mkwe akamwitia mwanawe.

"Maji bado yanajaa!"

"Basi niendelee. Huyu mume wako tangu akuoe..."

Maji yakashuka kwa kishindo. Sinki likavuta pumzi, likajikusanya, likatoa mguno mrefu kuliko yote iliyotangulia, na mwisho wake likaongeza, "glo-glo," kama mtu anayecheka chini chini.

Mama mkwe akainuka taratibu, akalitazama sinki uso kwa uso. "Rudia," akaliamuru. Povu jingine likapasuka. Msusi hakuweza zaidi: kicheko kikatoka na maji yote, vikaishia kwenye gauni la safari la mama mkwe.

Hakuna aliyejali gauni. Mama mkwe alikuwa tayari amegeukia mlango, ambako Msumari alikuwa amesimama anatabasamu.

"Kwa hiyo inayonigunia ni nyumba," akasema. "Na nyumba kaijenga nani?"

Tabasamu likaanguka. Msumari akampigia simu fundi bomba, rafiki yake, ambaye wote walimjua kwa jina la Koki, akaweka sauti kubwa.

"Hilo ni bomba la hewa," Koki akasema, "lile linalotokeza juu ya bati. Limeziba. Maji ya choo yakishuka yanataka hewa. Yakiikosa juu, yanainyonya kwenye sinki. Si nilikwambia ulifunike, majani na ndege wasiingie?"

"Nililifunika!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniambia!"

"Nauliza ulilifunika kwa kitu gani, bwana wee!"

"Kwa mbao. Kizibo. Nimekichonga mwenyewe, nikakipiga msasa, nikakipaka vanishi. Hata sisimizi hapiti."

"Na mvua hizi zimekivimbisha, sasa hata hewa haipiti. Nilisema funika, ndugu yangu, sikusema ziba!"

"Kufunika ni kufunika! Sufuria ukilifunika unaliacha wazi?"

"Wavu! Unafunika kwa wavu!"

"Neno wavu hukulitamka!"

"Fundi mzima anatamkiwa wavu?"

Wangeendelea mpaka jua lizame. Mama mkwe akaipokonya simu. "Wewe Koki, wavu gani?"

"Wa waya, mama, matundu yake kidole kipite. Si ule wa kuzuia mbu, huo utazibwa na vumbi. Na kila mvua zikikaribia, mtu apande aukague."

"Umesikika." Akamrudishia mwanawe simu. "Ngazi iko wapi?"

Msumari akapanda. Mama mkwe akashika ngazi upande mmoja, msusi upande wa pili, wote shingo juu.

"Hakitoki!" sauti ikashuka.

"Vuta!"

"Hakitoki, mama. Nilipima vizuri!" Hata kule juu, sauti ilikuwa na majivuno.

"Basi kipasue!"

"Mama, hii ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya."

"Fundi akichonga jeneza zuri, hulala ndani?"

Patasi ikalia, nyundo ikalia, kwa uangalifu vipande visidondokee ndani. Kizibo kilipoachia, bomba likashusha pumzi ndefu, "haaah," na Msumari akaonekana amegeuza uso, kaziba pua. Wavu ukafungwa kwa waya. Tawi lililoinamia bati nalo likakatwa kwa amri ya mama mkwe, aliyesema majani hayajui mipaka.

Wakaketi jikoni kula, sanduku bado liko mlangoni. Maji yakavutwa kwa majaribio; sinki halikusema neno. Mama mkwe akaonja mchuzi.

"Chumvi imezidi," akasema, akalitupia sinki jicho.

Kimya. Akangoja. Kimya kikazidi kuwa kikubwa, mpaka akaonekana kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Akamgeukia msusi.

"Na wewe huna la kusema?"

"Ninalo, mama."

"Basi lisemwe! Tangu nije unanilisha mgongo tu."

Msusi akaweka kijiko chini. "Chumvi umeitia wewe. Nilikuona. Mara mbili."

Tonge likamkwama Msumari. Mama mkwe akamtazama mkamwana wake kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Mara tatu," akasema. "Moja hukuiona."

Kisha akasogeza sahani, akamgusa mwanawe begani. "Mpigie kaka yako asijisumbue na gari. Mwambie nimepata mtu wa kugombana naye."