Picha ya Arobaini

Jumanne asubuhi Kokubanza alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko lake, kule Songambele, akimenya ndizi, wakati pikipiki ya bwana shamba ilipoingia kibanjani. Maji ya beseni yalikuwa yameshakuwa meusi kwa utomvu. Winston alizima injini, akafuta vumbi usoni.

"Shikamoo, mama Jovitha."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Winston alisema atakunywa akimaliza kazi. Alitoa simu mfukoni akaielekeza kwenye mgomba uliokuwa karibu na jiko. Mgomba huo Kokubanza alikuwa ameufunga kitambaa chekundu, maana mkungu wake ulikuwa wa wageni wa Jumamosi. Siku hiyo ndugu za Privatus walikuwa wanakuja kutoka Kibingo kumposa Jovitha, binti yake, na posa hapo hailiwi kwa chakula cha dukani. Wageni hula ndizi za kibanja cha binti.

Simu ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyesoma: "Mgomba huu una mnyauko. Kata, katakata, fukia. Usile. Usiuze."

Kokubanza aliutazama mgomba. Majani yalikuwa ya kijani mpaka nchani. Akachuma ndizi moja, akaipasua kwa kisu. Ndani ilikuwa nyeupe.

"Huu?"

"Ndivyo inavyosema, mama."

Hakubisha sana. Simu ile ilikuwa na akili mnemba na ilikuwa imewafaa watu. Kule Kibingo iliuona mnyauko kabla mtu yeyote hajaona jani la njano, ikaokoa kijiji kizima. Yeye mwenyewe ilimsomea karatasi ya dawa zake taratibu, tena mara mbili, na presha ikashuka. Kwa hiyo alimletea Winston jembe.

Simu ilipita mgomba kwa mgomba na yote ishirini na miwili ikasema inaumwa. Winston alikata, akakatakata, akafukia. Saa saba mchana alimaliza, akanywa chai, akaondoka.

Saa kumi migomba ilisimama. Vipande vilitoka udongoni, kila kimoja kikatafuta mwenzake, mikungu ikapanda mahali pake. Jovitha alikuwa anafagia uwanja, akasogea pembeni ili isimgonge. Kitambaa chekundu nacho kilirudi, na fundo lake lile lile.

"Mama, imerudi."

"Nimeona. Malizia kufagia."

Jumatano Winston alikuja kupiga picha ya shamba tupu. Alipoikuta migomba, alishusha pumzi, kwa sababu alikuwa ameshajaza fomu. Simu ikasema mnyauko. Akakata. Saa kumi ikasimama.

Alhamisi, alipokwisha kukata, Jovitha aliwahi mkungu mmoja kabla haujafukiwa.

"Tule tu, mama. Simu haina ulimi wa kuonja."

Winston alitazama upande mwingine. Walipika na maharage, wakala wakashiba. Saa kumi migomba iliposimama, mkungu ulirudi juu na chane zake zote, na njaa ikarudi tumboni. Maharage peke yake ndiyo yalibaki, na hayakutosha. Jioni ile Kokubanza alichekecha unga wa mahindi akasonga ugali.

Ijumaa asubuhi alikuja Polikarpi, jirani yao, ambaye pia ni mwenyekiti wa kitongoji. Simu ilikuwa imekipaka kitongoji chote rangi nyekundu kwenye ramani, na wanunuzi wa soko la Omurushaka walikuwa wamemrudisha na ndizi zake.

"Mama Jovitha, sikatazi migomba yako kusimama," alisema. "Lakini isimame kwa adabu. Mimi nimelala na ndizi barazani kama nina msiba."

"Kaiambie mwenyewe. Labda itakusikia wewe mwenye muhuri."

Winston alikuwa pale, kikombe mkononi. Alikiweka chini.

"Kosa ni langu," alisema. "Mwaka jana wakubwa walitaka picha arobaini za migomba inayoumwa, wakaifundishe simu. Nilizunguka kata nzima nikapata thelathini na tisa. Ugonjwa ulikuwa umepungua. Ya arobaini niliipiga hapa. Kulikuwa na jani moja limezeeka, lile ulilokuwa unaliacha la kufunikia sufuria. Likawa la njano vizuri tu."

Kokubanza alifikiri.

"Kwa hiyo simu ilijifunzia ugonjwa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Na chai ukanywa."

"Nikanywa."

"Vikombe viwili," alisema Jovitha kutoka jikoni.

"Si uwaambie waliokutuma?" Polikarpi aliuliza.

"Nimewaandikia mara tatu. Wamejibu kwamba nikiwa na swali niiulize simu."

Pale kwao mtu akikukosea huitwa. Majirani hukaa, kahawa ya kutafuna huletwa, mkosaji hueleza kosa lake na kuleta kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, kikinywewa maneno yanakwisha. Basi mchana ule walikaa. Winston alileta rubisi, akasema kosa lake mbele ya watu, akasamehewa kabla kibuyu hakijafika nusu. Kisha simu iliwekwa kwenye kigoda, juu ya jani la mgomba, na mbele yake wakaiwekea buni sita.

"Wewe simu," alisema Polikarpi, "leo umekaa na watu. Huyu mama amekukosea nini?"

"Sijaona picha vizuri. Tafadhali nielekeze kwenye jani."

Wakaielekeza.

"Mgomba huu una mnyauko. Kata, katakata, fukia."

Walisubiri kwa heshima, kama wanavyomsubiri mtu mwenye kigugumizi. Haikuongeza kitu.

"Hata buni haijagusa," alisema Polikarpi, akazirudisha buni kwenye kikapu.

Jumamosi wageni walifika saa sita, watu saba, Privatus akiwemo, wakiongozwa na mzee Rwezaura, baba mkubwa wa Privatus. Waliketi kwenye kivuli cha migomba, maana siku hiyo Winston hakuja kukata. Aliona aibu. Waliletewa wali ulionunuliwa Omurushaka. Rwezaura aliutazama wali, akaitazama mikungu iliyoning'inia juu ya kichwa chake, akala vijiko vitatu.

"Mama, chini ya migomba hii tunakula wali?"

Kokubanza alimweleza yote, bila kuficha chai. Mzee alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa simu yake mwenyewe, akaielekeza kwenye mgomba wenye kitambaa. Ilikuwa sauti ile ile ya mwanamke aliyesoma, na maneno yale yale. Rwezaura aliirudisha mfukoni polepole.

"Kwetu ilisema kweli," alisema. "Tungeibishia, leo tungekuwa tunakula mihogo. Binti hatumkatai, mama. Tunasubiri kibanja kipone."

"Kitaponaje, baba, na hakiumwi?"

Mzee alitafuna buni yake muda mrefu.

"Tutasubiri," alisema.

Privatus alimtazama Jovitha, Jovitha akatazama sahani za wali. Wakaagana vizuri. Kokubanza aliwasindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa.

Hiyo ilikuwa mwezi wa sita. Sasa ni mwezi wa kumi na moja, mvua zimeshika, na wa Kibingo bado wanasubiri. Winston huja kila siku ya kazi. Migomba imemzoea. Ikisikia pikipiki kwenye kona, hulala chini yenyewe, ili asichoke. Yeye hupiga picha, simu ikasema, "Asante. Shamba ni safi," na kitongoji kikawa kijani kwenye ramani mpaka saa kumi. Polikarpi amejifunza kukimbiza ndizi zake Omurushaka saa hizo. Chai Winston huletewa bado. Hunywa akiwa amesimama.

Kokubanza huchekecha unga. Saa kumi Jovitha huacha kufagia, husogea pembeni, migomba ikasimama na mikungu yake yote. Kisha hukagua fundo la kitambaa. Fundo halijalegea. Ila wekundu wake umeshapauka upande wa jua, na huo hauonekani kurudi.