Konokono wa Tundu la Kushoto

Aurelia alishuka kutoka Maguu, milimani, kuja kuolewa Lundo, kando ya ziwa, na miaka tisa haikumwondolea woga wa ziwa. Wifi yake, Eunice, alimcheka waziwazi. "Mmatengo huyu wa milimani! Ukimletea ndoo ya maji, anashika nguzo." Aurelia hakujali. Binti yake Ida alikuwa na miaka minane, na kichocho hakina mzaha.

Ndiyo maana Mektilda, mtaalamu wa konokono wa maji, alipokuja kufundisha akina mama, Aurelia alikaa mbele kabisa.

"Mshike konokono, ncha ya gamba juu, tundu likutazame," alisema Mektilda. "Likiwa kushoto kwako, huyo ni wa ukoo unaobeba kichocho. Si kila mmoja anacho, lakini mtoto asiingie maji hayo."

Siku chache baadaye Ida akalilia kuoga na wenzake kwenye mchanga mweupe, mbali na matete wanakojulikana kukaa konokono. Aurelia akachota mchanga wa chini ya maji, akapata konokono mdogo kama punje ya mchele. Tundu hakuliona vizuri. Akaenda mbele ya duka la Mwanakombo, penye mwanga, akampiga picha ili amkuze. Kamera ya nyuma ilikuwa imepasuka, akatumia ile ya kujipigia mwenyewe. Akakuza. Tundu, kulia!

"Nenda, mwanangu," alisema, kifua mbele. Wiki nzima Ida akaoga, na watoto wa jirani wakamfuata, kwa kuwa Mama Ida ndiye aliyepima.

Jumamosi akamwonyesha Mwanakombo ile picha kwa majivuno. Mwanakombo akaisogeza karibu na macho.

"Mama Ida, mbona jina la duka langu limeandikwa kinyumenyume?"

Aurelia akatazama kibao ukutani, akatazama simu. Kamera ile hugeuza picha kama kioo. Kulia ilikuwa kushoto.

Akakimbia hadi ufukweni, kanga ikimdondoka njiani. "Tokeni! Wote, tokeni majini!"

Konokono wa pale walipelekwa kwa Mektilda ndani ya spiriti. Chini ya lenzi, tundu kushoto. Gamba peke yake halikutosha kumtenga na ndugu yake wa kwenye matete, wanafanana mno. Vinasaba ndivyo vilivyoamua. Huyu ni wa aina ipendayo mchanga safi, nayo pia hubeba kichocho.

"Kwa hiyo weupe wa mchanga si kinga," Aurelia alisema.

"Si kinga kabisa, mama."

Kichocho hakionekani upesi, wakasubiri miezi miwili. Mkojo wa Ida ukakutwa na mayai. Alimeza dawa, na wenzake wakapimwa wote. Alipopimwa tena, alikuwa safi.

Siku hizi Aurelia ana lenzi yake, ameifunga kwenye pindo la kanga. Juzi Eunice alikuja na konokono kwenye kifuniko cha chupa, mkono wa pili umeshika simu.

"Wifi, hebu nitazamie huyu. Nimempiga picha pia."

"Simu weka chini," Aurelia akasema. "Lete konokono mwenyewe."