Shingo ya Mrudirudi

Mke wa Fundi Saa alikuwa akipachika mkono wa gauni la harusi la bintiye pale jirani wa upande wa juu alipopiga hodi mlango wa nyuma, ndoo mkononi na koleo kwapani.

"Nimekuja kuomba mche, dada. Mwaka huu bonde lako limetia fora."

Mke wa Fundi Saa akachoma sindano kwenye kimto chake, akavaa mabuti ya mpira, wakashuka pamoja.

Nyuma ya nyumba ile ardhi ilikuwa imebonyea, na maji yalituama chini ya nyasi karibu mwaka mzima. Hapo ndipo uliposhamiri mrudirudi, mmea wa asili ya nchi hiyo hiyo, uliokuwepo kabla ya nyumba na barabara. Hufika magotini, maua yake ni ya buluu iliyokoza, na hata ukinyauka juu wakati wa kiangazi, mzizi hubaki hai na kuchipua tena msimu unaofuata. Jina lake limetoka huko. Kwa watu wengi huchanua mara moja kwa mwaka. Kwa mke wa Fundi Saa ulichanua kila alipopigwa.

Mambo yalikwenda hivi. Fundi Saa, mtu mpole dukani kwake, ambaye vidole vyake vilishika skrubu ndogo kama punje ya mchanga bila kutetemeka, alimpiga mkewe jioni. Damu ikavilia chini ya ngozi. Kulipopambazuka ngozi ilikuwa safi, na bondeni yalikuwepo maua mapya, yamekaa vilevile alama zilivyokuwa zimekaa: likiwa kofi, manne kwa mstari na la tano pembeni kidogo. Alipotumia mkanda, maua yalitoka kwa safu ndefu iliyopinda, na wapita njia waliisifu safu hiyo kuliko zote.

Siri ya mtungi aijuaye kata, lakini siri hii iliota nje peupe, na ukuta wa nyuma ulikuwa wa kimo cha kiuno.

"Naona juzi ilikuwa kubwa," jirani alisema, akichutama na kugeuza ua kwa kidole.

"Chai ilipoa."

"Ahaa. Ndiyo maana limekoza hivi katikati. Basi nikatie fungu hili."

Mke wa Fundi Saa akapitisha koleo katikati ya mizizi, akaitenga, akamwekea ndooni pamoja na tope lake. "Usizike shingo," akamwambia, akimwonyesha mahali shina linapokutana na mzizi. "Shingo ikizikwa inaoza."

Miche hiyo, kwa wengi, haikushika hata ikinyweshwa asubuhi na jioni. Ilishika kwa mwenye duka la dawa na kwa mwalimu wa hesabu, na wake zao wakapongezwa kwa kuwa na mikono mizuri ya kupanda. Wakashukuru.

Hapo nyuma, mke wa Fundi Saa aliwahi kupiga moyo konde akaenda kituoni. Askari wa kike alimkagua mgongo, mikono na mapaja.

"Mama, ngozi yako kama ya kichanga. Sasa mimi niandike nini?"

"Twende bondeni ukaone."

Jumapili askari alikuja, akayatazama, akakubali kwamba ni yenyewe. "Lakini maua hayapelekwi mahakamani, mama," alisema kwa upole, akaondoka na mche wake umefungwa kwenye gazeti.

Tangu hapo hakulilia nafsi yake tena. Alichokitaka ni kimoja tu: bintiye, yule kitindamimba wake, asipatwe. Mchumba wa binti alikuwa mtengeneza miwani, kijana wa sauti ya chini ambaye huwauliza wateja mara mbili kama fremu inawaumiza masikioni. Nyumba njema si mlango, mama mtu alijiambia, na hakulala vizuri. Kisha mama yake kijana akaja kumaliza mazungumzo ya ndoa.

"Sisi hatuna makuu, mkwe. Tupeni mrudirudi tu. Hata kwetu nyuma pana majimaji."

"Wapewe fungu kubwa," alisema Fundi Saa.

Mke wa Fundi Saa aliitikia. Fungu lake la kwanza alipewa na mama yake mzazi siku alipoolewa, na miaka yote hiyo aliamini kwamba ubaya umo mzizini, kwamba mmea ndio unaouita mkono wa mwanamume. Asubuhi ya harusi aling'oa fungu nono, akalitia katika sufuria kuukuu, akalichemsha mpaka mizizi ikawa laini kama kiazi. Akalipoza, akalipaka tope, akalifunga kwa utepe uliobaki kwenye gauni. Siku ile alicheza mpaka viatu vikamvuka, na watu walisema hawajapata kumwona hivyo.

Alikwenda kuwatembelea kiangazi, wakati bonde lake mwenyewe lilikuwa limeanza kupasuka. Binti alimfungulia akiwa na gauni lisilo na mikono. Mama akatoa futi ya kushonea, akasingizia kumpima nguo mpya, akamgeuza huku na huku, akamfunua mabega na mgongo. Hapakuwa na doa. Alifurahi hata machozi yakamlenga, mpaka alipoutazama mkono wake mwenyewe ulioshika futi, nao ulikuwa safi vilevile.

"Mkwe!" mama yake kijana aliita kutoka uani. "Njoo uone!"

Chini ya bomba, penye maji yanayotiririka, maua ya buluu yalikuwa yamesongamana. Ya mbele yalikuwa mabichi: manne kwa mstari na la tano pembeni kidogo.

"Lile fungu lako lilioza wiki ile ile, tukalitupa jaani," mama mkwe alisema. "Haya yamejiotea. Hakuna aliyeyapanda."

Mke wa Fundi Saa alimtazama bintiye. "Chai?"

"Funguo," binti alisema. "Niliziweka pasipo pake."

Mtengeneza miwani akatokea mlangoni, akifuta mikono kwa kitambaa laini. "Shikamoo, mama. Tunashukuru umekuja. Yamebanana mno, na mwenzangu hajui kuyatenga."

Maumivu yalimpanda mama kifuani, yakakaa hapo. Hakuwa na mahali pengine pa kuyapeleka. Akaomba koleo, akapiga magoti kwenye tope, akamwashiria bintiye achutame karibu.

"Usizike shingo, mwanangu," akasema. "Shingo ikizikwa inaoza."

Mama mkwe akaenda kutafuta ndoo, maana majirani walikuwa wameshaanza kuomba.